USAWA WA WATU WA RANGI ZOTE: SHERIA IMEFANYA NINI, NA SISI TUMEFANYA NINI?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote, aliyewaumba wanadamu kwa rangi na lugha mbalimbali. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baad.



Makala haya yametokana na ugomvi wa bombani. Siku moja kabla ya sala ya Alasiri wanafunzi wawili walisukumana kwenye bomba la kutawadhia, kila mmoja akidai zamu ni yake. Hilo ni jambo dogo, lakini maneno yaliyofuata hayakuwa madogo. Mmoja alisema: "Rudi kwenu Arabuni!" Mwenzake akajibu: "Babu yako alikuwa mtumwa wetu!"

Niliwaita wote wawili. Yule wa kwanza hakuweza kunionyesha Arabuni kwenye ramani. Yule wa pili hakumjua babu wa mwenzake hata kwa jina. Wote wamezaliwa hapa hapa Sumbawanga, na wote ni watoto wa Katandala. Niliwapa adhabu ya kujaza pipa la udhu kwa wiki nzima, ndoo moja wakiibeba pamoja.

Usiku ule nilijiuliza: watoto hawa waliozaliwa miaka mingi baada ya uhuru wameyaokota wapi maneno haya? Jibu ni kuwa wameyaokota kwetu sisi wakubwa. Na sisi tumeyarithi kutoka katika sheria ambazo zimekwisha kufutwa. Zamani "mtumwa" lilikuwa neno la kisheria. Kadhi na hakimu walilitumia barazani. Na kumwita mtu "si mwenyeji" kulikuwa pia jambo la kisheria, lililoamua alipe kodi gani na asome shule ipi. Sheria hizo zimekufa, lakini midomo yetu bado inazitumia.

Katika makala haya, Inshaallah, nitaeleza jinsi sheria, mabadiliko ya jamii na usawa wa watu wa rangi mbalimbali vinavyotegemeana, kwa mifano ya historia ya nchi yetu.

UHUSIANO WA SHERIA NA JAMII

Sheria ni kanuni inayowekwa na mamlaka, nayo huwa na nguvu ya kumlazimisha mtu. Jamii nayo ina kanuni zake ambazo hazikuandikwa: nani anaamkiwa kwanza, nani anapewa mke, nani anakaa mbele na nani anakaa karibu na viatu. Kanuni hizi hazina polisi, lakini hufuatwa kuliko nyingine nyingi zilizoandikwa.

Wako wanaosema kuwa sheria haiwezi kubadili moyo wa mtu, kwa hiyo haina faida. Wengine wanasema kuwa sheria ikipitishwa, kazi imekwisha. Wote wamekosea. Mkulima wa hapa Ufipa anajua kuwa bila tuta zuri mbegu haipati pa kuota, lakini tuta lililoachwa bila mbegu litaota magugu. Sheria ni tuta. Tabia za watu ndiyo mbegu. Na mara nyingine, kama tutakavyoona, mbegu huanza kuota kabla tuta halijamalizika.

MFANO WA KWANZA: MADINA

Waarabu wa zama za Jahiliya walijifaharisha kwa nasaba na kabila. Uislamu ulipokuja, ulianza na imani. Katika Suratul-Hujurat, aya ya 13, Mwenyezi Mungu anatufundisha kuwa watu wote asili yao ni mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili tujuane, na kwamba mbora mbele Yake ni mwenye uchamungu zaidi. Kisha zikaja hukumu zilizotia imani hiyo katika vitendo. Kumwacha huru mtumwa kulifanywa kuwa kafara ya kuua kwa makosa (Suratun-Nisaa, aya ya 92), kafara ya kuvunja kiapo (Suratul-Maida, aya ya 89) na kafara ya mwenye kumfananisha mkewe na mama yake (Suratul-Mujadala, aya ya 3). Sehemu ya Zaka nayo ilitengwa kwa ajili ya kukomboa watumwa (Suratut-Tawba, aya ya 60).

Angalieni mpango huu. Imani iliwabadili watu, hukumu ikaipa imani njia ya kutendeka, na kutendeka kwake kukaibadili jamii. Bilal bin Rabah (r.a.), aliyekuwa mtumwa mwenye asili ya Uhabeshi na kuteswa juu ya mchanga wa moto, akawa mwadhini wa Mtume (S.A.W.). Siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, aliadhini juu ya Al-Kaaba huku wakubwa wa Kikuraishi wakimtazama.

Lakini hata katika zama zile bora ulimi ulichelewa. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa Abu Dharr (r.a.), sahaba mkubwa, alimtukana mtu kwa kumtaja mama yake. Mtume (S.A.W.) hakulipuuza jambo hilo. Alimwambia kuwa bado ana mabaki ya Jahiliya ndani yake. Abu Dharr alikuwa ameamini siku nyingi na hukumu alizijua, ila neno la zamani lilikuwa limebaki mdomoni. Ikiwa sahaba alihitaji kukumbushwa, sisi ni nani?

TUSI LA "MTUMWA"

Sasa turudi kwetu. Nitaanza na tusi la pili kwa sababu historia yake ni ya zamani zaidi.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilizunguka Ziwa Tanganyika na kwenda pwani kupitia Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo. Mwambao wetu, pamoja na vituo kama Kirando na Kasanga, ulikuwa sehemu ya biashara hiyo. Walioteka, walioendesha misafara na walionunua hawakuwa wa rangi moja. Walikuwemo Waarabu, Waswahili na Waafrika wa bara walioteka jirani zao. Walikuwemo pia Wazungu walionunua watu kwa ajili ya mashamba ya miwa ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Wengine walipelekwa kwenye mikarafuu ya Unguja na Pemba. Na tukiri ukweli: wengi katika wamiliki walikuwa Waislamu, waliosoma aya zile zile za kuacha watumwa huru, na hawakufanya haraka.

Sheria ya kuukomesha utumwa ilikuja kwa vipande vipande:

(a) Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, kwa kushinikizwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Kumiliki mtumwa kulibaki halali.

(b) Mwaka 1897 Sultani Hamoud alitoa amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Hata hivyo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na bwana ndiye aliyelipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909.

(c) Huku bara, Wajerumani hawakuufuta utumwa. Mwaka 1904 walitangaza tu kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya Desemba 31, 1905 watakuwa huru. Waingereza ndio walioufuta kabisa Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1922.

Hesabuni wenyewe: tangu kufungwa soko la Unguja hadi mtumwa wa mwisho wa Tanganyika kuwa huru kisheria ilipita miaka 49. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kwanza alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Sheria inayokuja polepole hivyo huwapa watu muda mrefu wa kuzoea kuamini kuwa mwenzao ni duni.

Hata hivyo watu hawakukaa kusubiri. Yupo mwanachuoni mmoja ambaye kila mwanafunzi wa madrasa anapaswa kumjua: Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Alizaliwa upande wa Kongo ya mashariki, ng'ambo ya ziwa letu, akafikishwa Bagamoyo utotoni akiwa mtumwa. Alisoma, akafanya biashara, akawa mwalimu na hatimaye kiongozi mkubwa wa Tarika ya Qadiriyya. Alifariki mwaka 1931. Alianza kusomesha wakati sheria ya Wajerumani ilikuwa bado inautambua utumwa. Watu wa asili mbalimbali, wakiwemo waliojiita waungwana, walikwenda kukaa mkekani mbele ya mtu aliyewahi kuwa mali ya mwenziwe, wakamuomba elimu na dua.

Hapa ndipo mbegu ilipoota kabla ya tuta. Karatasi ilikuwa haijasema kuwa mtu huyu ni sawa na wengine, lakini mkeka wa darsa ulikuwa umekwisha sema. Sheria ya 1922 ilipofika, ilikuta mahali pengi watu wamekwisha anza kuuacha utumwa: watumwa wengine walikuwa wameondoka na kwenda kulima kwao, wengine wamejikomboa, na wengine wameheshimika kwa elimu.

Basi mtoto anapomwambia mwenzake "babu yako alikuwa mtumwa wetu", hana habari kuwa anamtaja babu kama Sheikh Ramiya. Aibu ya utumwa si ya aliyefungwa mnyororo. Ni ya aliyeufunga.

TUSI LA "RUDI KWENU"

Baada ya utumwa, serikali ya kikoloni iliweka mgawanyo mwingine. Watu waligawanywa kwa rangi na asili: Mzungu, Mwasia (humo walihesabiwa Wahindi na mara nyingi Waarabu pia) na Mwafrika. Shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika zilikuwa mbalimbali, na fedha zilizotumika kwa kila mtoto hazikuwa sawa. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1926, lakini Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945 tu, nao walikuwa machifu wawili: Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Abdiel Shangali wa Machame.

Nitatoa mfano mmoja wa jinsi sheria inavyotengeneza chuki. Ilikuwepo sheria iliyomzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kumdai Mwafrika deni mahakamani, isipokuwa mkopo uwe umeidhinishwa na ofisa wa serikali. Ilisemekana lengo ni kumlinda Mwafrika asinyonywe. Matokeo yake ni kuwa Mwafrika hakukopesheka, na asiyekopesheka hafungui duka. Biashara ikabaki kwa Wahindi na Waarabu. Baada ya miaka mingi Mwafrika akamtazama mwenye duka akasema, "Hawa wametunyima nafasi." Mwenye duka akamtazama Mwafrika akasema, "Hawa hawajui biashara." Sheria iliyowatenganisha haikuonekana tena, zilionekana rangi tu.

Kisha ikaja ile iliyoitwa "kura tatu". Katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Asipochagua wote watatu kura yake iliharibika. Wapiga kura wenyewe walikuwa wachache, kwa kuwa ilitakiwa mtu awe na elimu ya kiwango fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kilichotambuliwa. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na Wazungu hawakufika 25,000, lakini viti viligawanywa sawa kwa sawa.

Wanachama wengi wa TANU walitaka kuususia uchaguzi huo. Katika mkutano wao wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Julius Nyerere aliwashawishi washiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuanzisha chama cha ANC kilichodai Tanganyika kwa ajili ya Waafrika peke yao.

Matokeo yake yana mafunzo. Kwa kuwa kila Mwafrika alilazimika kumpigia kura Mwasia na Mzungu, ilibidi awaulize: nani kati yenu anaunga mkono uhuru wetu? Na Mwasia na Mzungu walilazimika kwenda kuomba kura kwa Waafrika. Katika Jimbo la Kaskazini waliingia barazani Solomon Eliufoo, Bibi Sophia Mustafa na Derek Bryceson: Mwafrika, mwanamke Mwasia na Mzungu, wote wakiungwa mkono na TANU. Sheria iliyotungwa ili kuwahesabu watu kwa rangi zao iliwafanya watambuane kwa misimamo yao. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda kote. Katika uchaguzi wa 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na ANC haikupata hata kimoja.

Tusidhani kuwa mambo yalikuwa yamekamilika. TANU yenyewe, iliyoanzishwa Julai 7, 1954, ilikuwa ya Waafrika tu, na ilifungua milango kwa raia wa rangi zote baada ya uhuru. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, muswada wa uraia ulipofikishwa Bungeni, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika na wengine wawekwe kando. Mwalimu Nyerere aliupinga msimamo huo kwa ukali. Aliulinganisha na njia ya Hitler na ya makaburu wa Afrika Kusini, na akasema serikali yake itajiuzulu ikishindwa katika jambo hilo. Muswada ukapita.

Sheria hiyo ilisema nini? Kwamba aliyezaliwa Tanganyika, na angalau mzazi wake mmoja akiwa amezaliwa Tanganyika, ni raia kuanzia Desemba 9, 1961. Wengine waliokidhi masharti walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Rangi haikutajwa. Kwa hiyo mtu mwenye asili ya Kiarabu aliyezaliwa Kirando na mama aliyezaliwa Kirando alikuwa raia tangu saa ya kwanza ya uhuru, bila kuomba na bila kushukuru mtu. Anapoambiwa "rudi kwenu", jibu la sheria ni kuwa kwao ni hapa. Mwaka uliofuata, 1962, mgawanyo wa shule kwa rangi nao uliondolewa kisheria.

MIOYO IKIBAKI NYUMA

Sasa ndugu msomaji anaweza kuuliza: ikiwa sheria ilikuwa nzuri, kwa nini maneno haya yangalipo? Tuangalie mifano michache ya sheria na mioyo kuachana.

Zanzibar ilipata uhuru Desemba 1963 ikiwa na katiba, bunge na uchaguzi. Lakini miaka ya siasa kuanzia 1957 ilikuwa imewafanya watu wasalimiane kwa vyama, na vyama vikasomwa kwa asili: huyu Mwarabu, huyu Mwafrika, huyu Mshirazi. Watu waligomeana maduka, hata mazishi. Juni 1961 damu ilimwagika baada ya uchaguzi. Januari 12, 1964 yakatokea mapinduzi, na watu wengi waliuawa, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, Waislamu waliouawa na Waislamu wenzao. Waliopindua walikuwa na madai ya kweli kuhusu ardhi na unyonge wa miaka mingi, lakini mtoto aliyeuawa hakuwa na deni lolote. Katiba ya mwezi mmoja haikuweza kuzuia maneno ya miaka mingi.

Upo pia upande wa pili: sheria isiyotaja rangi inaweza kuangukia rangi moja. Mwaka 1971 serikali yetu ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria haikumtaja Mhindi. Lakini kwa kuwa wenye majengo hayo mijini walikuwa wengi Wahindi, wao ndio walioumia zaidi, na wengi walihama nchi. Waliounga mkono hatua hiyo waliiona ni ya kuondoa tabaka la wapangishaji. Walioguswa waliiona ni ya kuwafukuza. Mwaka uliofuata, Agosti 1972, Idi Amin wa Uganda hakuficha lolote: aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Nchi yetu haikufika huko, na tumshukuru Mwenyezi Mungu, lakini mfano huu unatufundisha kuangalia sheria inamfikia nani, si maneno yake tu.

Nje ya Afrika, Waamerika weusi wa mji wa Montgomery walikataa kupanda mabasi yaliyowabagua tangu Desemba 1955. Kwa zaidi ya mwaka walikwenda kazini kwa miguu au kwa kupeana lifti, huku wanasheria wao wakiwa mahakamani. Desemba 1956 amri ya Mahakama Kuu ya Marekani ikaanza kufuatwa na ubaguzi wa mabasi ukakoma. Bila miguu ya watu kesi ingekosa nguvu, na bila kesi watu wangechoka.

LEO HAPA KWETU

Katiba yetu ya mwaka 1977, baada ya kuongezwa haki za binadamu mwaka 1984, inasema katika ibara ya 12 kuwa binadamu wote huzaliwa huru na ni sawa. Ibara ya 13 inakataza kubagua mtu kwa sababu kama utaifa, kabila, mahali alipotokea, rangi au dini. Sheria ya Ndoa ya 1971 haikuweka rangi wala kabila kuwa kizuizi cha ndoa. Karatasi zetu ni nzuri. Matendo yetu je?

Kwanza, ndoa. Kijana mwenye dini na tabia njema anakwenda kuposa, anajibiwa kwa upole kuwa "bado tunafikiri". Kumbe wazee wanahesabu nywele na rangi. Wengine hujificha nyuma ya neno "kufu". Ni kweli baadhi ya wanavyuoni wameitaja nasaba katika kufu. Lakini tusisahau kuwa Mtume (S.A.W.) alimshauri Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikuraishi, aolewe na Usama bin Zayd, ambaye baba yake aliwahi kuwa mtumwa. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa mwanzoni bibi huyo hakupendezwa, kisha akatii, na akaona kheri katika ndoa hiyo.

Pili, ngozi. Ndugu zetu wenye ualbino ni watu wa kabila letu na damu yetu, lakini wameumizwa kwa sababu ya rangi ya ngozi. Mkoa wetu wa Rukwa nao ulikumbwa na aibu hiyo; mwaka 2013 watu wenye ualbino walishambuliwa na kukatwa viungo, akiwemo mtoto. Sheria ya kumwadhibu mkataji ilikuwepo. Kilichokosekana ni jirani kukataa mapema yale maneno ya kwamba mtu huyu si mtu kamili. Panga hutanguliwa na neno.

WAJIBU WETU

Baada ya ule ugomvi, mzazi mmoja aliniambia: "Ustadh, hayo ni maneno ya watoto, yaache yapite." Nilimheshimu kwa umri wake, lakini sikukubaliana naye. Nilimwambia: "Mzee wangu, mtoto hakulitunga neno hili. Amelikuta nyumbani." Alinyamaza, kisha akasema kuwa hata yeye alilikuta kwa baba yake. Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza vizuri.

Kwa hiyo nawausia wanafunzi, wazazi na mimi mwenyewe mambo haya:

1. Tujue historia yetu kwa ukweli wote, uzuri wake na ubaya wake, bila kumbebesha mtoto wa leo dhambi ya babu yake. Mwenyezi Mungu ametufundisha kuwa hakuna mwenye kubeba mzigo wa mwingine.

2. Tuzijue haki zetu. Mwanafunzi wa sekondari asome ibara ya 12 na 13 za Katiba kama anavyohifadhi nguzo za Uislamu.

3. Tusicheke tusi la asili linaposemwa barazani, hata kwa utani. Watani wa kabila wana adabu zao na mipaka yao. Tusi la kumtoa mtu katika ubinadamu au katika nchi yake si utani.

4. Mzazi anapomkataa mposaji, ajiulize sababu anayoweza kuisema mbele ya Mola wake.

5. Tunapoona sheria inatumika vibaya kwa mnyonge, tuseme kwa njia za halali. Kura tatu, Tabora na Montgomery zinatuonyesha kuwa watu wa kawaida huweza kuigeuza hata sheria mbaya.

Wazee wanasema jina la mji wetu, Sumbawanga, lina maana ya "tupa uchawi". Aliyefika hapa alitakiwa autupe kabla ya kuingia. Nasi anayeingia madrasa yetu tunamtaka atupe hayo matusi mawili mlangoni, pamoja na viatu vyake. Ila viatu atavichukua wakati wa kutoka.

Wale vijana wawili walimaliza wiki yao ya kuteka maji. Siku ya tatu walikuwa hawasemezani bado. Siku ya tano niliwasikia wakibishana ni nani anayemwaga maji njiani. Huo nao ni ugomvi, lakini ni ugomvi wa watu sawa, na nikauacha.

Mwenyezi Mungu atusafishe nyoyo na ndimi zetu, awarehemu waliotutangulia na atujaalie tuwe umma mmoja. Aamin.

Wabillahi tawfiq.